Mrejesho: Nimejiunga na chama cha wafanyakazi

Wakuu, niliuliza kama chama cha wafanyakazi kina faida au ni makato tu ya mshahara. Wengi mlisema "wanakula hela zetu." Nimejaza TUF 6, ile fomu ya kuruhusu mwajiri akate ada ya chama, mimi ni mwanachama.

Kilichonishawishi ni mwenzetu wa stoo. Alifukuzwa kwa mdomo, getini, bila barua wala kikao. Katibu wa tawi alikuja na kitabu cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kurasa zimekunjwa kunjwa, akamjazia fomu ya CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi) kabla hazijapita siku 30 za kupeleka lalamiko la kuachishwa kazi. Wakamalizana na mwajiri kwenye usuluhishi: notisi, likizo na kiinua mgongo vikalipwa. Peke yake angejua wapi hizo siku 30?

Halafu kuna hili: chama chenye wanachama wengi kikikubaliana hivyo na mwajiri, hata asiye mwanachama anakatwa ada ya uwakala, yaani malipo kwa chama kwa kumwakilisha. Sasa ukatwe na kura usipige?

Malalamiko yenu kuhusu viongozi ni ya kweli, hata tawi letu halijasomewa mapato na matumizi. Nimeshaandika barua kudai yasomwe mkutano ujao, na wenzangu kadhaa wamesaini.