Ushuru wa bia ulipungua, mbona kreti haikushuka?

Dada wa Kaunta, Mtwapa
Nina baa ndogo, meza sita. Nanunua kreti ya chupa 25 duka la jumla, nauza chupa 260. Jirani wa duka la vinywaji anauza ile ile 220, tena anacheka! Ushuru hapa Kenya nasikia ulibadilishwa mwisho wa 2024, lakini mimi sijaona shilingi ikishuka. Nani anazila hizi pesa?

Tanboi Mstaafu
Dada, nimebeba kreti miaka tisa kwenye lori la distributa. Ushuru kwanza. Ulikuwa shilingi 142.44 kwa lita, bia kali au nyepesi sawasawa, kwa hiyo chupa ya nusu lita ililipiwa 71 na senti. Tangu 27 Desemba 2024 kinapimwa kileo chenyewe: 22.50 kwa kila sentilita ya alkoholi tupu. Bia ya asilimia 4.2 ina sentilita 2.1 kwenye nusu lita, yaani 47.25. Ya asilimia 6.5 inafika 73, hiyo imepanda. Kisha VAT asilimia 16 inapigwa juu ya vyote, huo ushuru nao ukiwemo.

Sasa, bei anapanga mwenye kiwanda. Serikali ikimpunguzia, hakuna anayemlazimisha akupunguzie wewe.

Jirani yako je? Huyo halali njaa. Anashukiwa kreti mia mlangoni, kwa kashi, na za nyongeza anapewa. Wewe unachukua tatu, ambazo tayari zina faida ya duka la jumla, halafu umlipe wa mkokoteni. Na yeye hana meza, hana muziki, friji lake linafungwa saa nne. Tokeni za umeme unanunua wewe.

Mzee wa Kisauni
Mimi ni mnywaji tu. Bei inayopendekezwa na kiwanda naijua, ila sijaikuta kwenye baa yenye feni.

Tanboi Mstaafu
😂 Ile ni ya kupendekeza, mzee wangu.
Dada, umewahi kuhesabu chupa tupu za kurudisha? Sisi tulizigeuza moja moja, tunapitisha kidole mdomoni. Iliyomeguka haipokelewi, na iliyokosekana unailipa.

Dada wa Kaunta, Mtwapa
Nimetoka kuhesabu sasa hivi. Kreti tatu, tupu 68. Saba zimekwenda wapi?

Tanboi Mstaafu
Anza nyuma ya choo. Kisha muulize wa bodaboda.