Bosi yuko Dar anataka kuona mfumo wa duka ulioko kwenye kompyuta ya kaunta, ruta imegoma

kaunta_kuu:
Habari za muda huu wakuu. Niko Arusha nasimamia duka la spea za pikipiki na bajaji, tuna kamfumo ka stoo na mauzo ambako dogo mmoja alitutengenezea kwa lugha ya PHP, kanakaa kwenye kompyuta ya kaunta ndani ya XAMPP (furushi la programu linaloigeuza kompyuta kuwa seva). Pale dukani hakana shida, hata kwa simu nikiwa kwenye waifai ya duka naandika 192.168.1.20/stoo inafunguka fresh. Shida ni bosi, yuko Dar, kila jioni anapiga nimsomee mauzo moja moja, sasa kasema anataka ayaone mwenyewe kwenye simu yake.

Nimeingia kwenye ruta, ni hizi za laini ya 4G, nikaelekeza poti 80 (mlango wa kurasa za wavuti) iende kwenye ile kompyuta, nikagugo IP yangu nikampa, wapi, inazunguka tu mpaka inakata. Nikajaribu 8080 hivyo hivyo. Kuhamishia mfumo kwenye seva ya kulipia sitaki kwa sasa maana intaneti ikikata kaunta inasimama na wateja hawasubiri. Kuna namna? Na kama kuna hatari niambieni mapema.

waya_mrefu:
Mkuu kwenye ruta huna kosa. Fungua ukurasa wa ruta uangalie IP ya upande wa WAN (upande unaotazama intaneti), halafu linganisha na ile uliyoigugo. Kama ya WAN inaanza na 10, au iko kati ya 100.64 na 100.127, jua uko nyuma ya NAT ya kampuni ya laini yenyewe. Hilo fungu la 100.64 lilitengwa mwaka 2012 kwa kazi hiyohiyo, kampuni inawarundika wateja wengi nyuma ya IP moja kwa sababu anwani za IP za kawaida, IPv4, zote ni kama bilioni 4.3 tu na dunia imezimaliza. Kwa hiyo bosi akigonga ile IP anafika kwenye mitambo ya kampuni, sio kwako, na huko huna ruhusa ya kuelekeza poti.

Dawa yake ni tunneli. Kompyuta yako ndo inaanza kutoka nje, inaishika seva fulani iliyoko intaneti na kuuacha mstari wazi, mtu akija kwenye ile seva anapitishwa kwenye mstari huo mpaka kwako. Ruta huigusi kabisa.

kaunta_kuu:
Duh nimeangalia, inaanza na 100.81. Kumbe nilikuwa napigana na hewa.

kodi_na_chai:
Weka zrok, programu ya tunneli, msimbo wake uko wazi na unaanza bure. Unajisajili unapewa tokeni (herufi za siri za kukutambulisha), kwenye kompyuta ya duka unaandika zrok enable na ile tokeni mara moja, halafu

`zrok share public http://localhost:80`

Inakupa linki ya https, mrushie bosi WhatsApp anafungua kwa brauza, imeisha hiyo. Cloudflare nao wana `cloudflared tunnel --url http://localhost:80`, hawakuombi hata akaunti, ila linki inabadilika kila ukiwasha upya, sasa na huu umeme wetu utakuwa unamtumia bosi linki mpya kila siku.

zamu_ya_usiku:
Aisee kaunta_kuu subiri kwanza, usiandike hiyo amri.

Ukishare poti 80 hujashare stoo, umeshare Apache nzima (seva ya wavuti iliyomo kwenye XAMPP) na kila kilichomo htdocs (folda ya kurasa zake), na phpMyAdmin (ukurasa wa kusimamia databesi) juu yake. XAMPP ya Windows ukishaiinstoli tu, root (mtumiaji mkuu) wa databesi hana pasiwedi na phpMyAdmin inaingia yenyewe kama root bila kukuuliza kitu. Kinachokulinda ni mstari mmoja ndani ya httpd-xampp.conf, `Require local`, yaani ukija na IP ambayo sio ya kompyuta yenyewe unapigwa 403 (huruhusiwi). Jaribu hapo dukani, kwenye simu andika 192.168.1.20/phpmyadmin, utakataliwa.

Sasa programu ya tunneli inakaa ndani ya kompyuta hiyohiyo na ndiyo inayogonga Apache kwa niaba ya mgeni, kwa hiyo Apache inaona 127.0.0.1 tu, hata mgeni awe Brazil. Require local inasema huyu ni wa nyumbani, pita. Mtu anaongeza /phpmyadmin mwisho wa linki yako na yumo, anasoma mauzo yote na akitaka anafuta na daftari la madeni. Na usiseme linki ina herufi za ajabu nani ataijua, bosi ataiforwadi kwa mhasibu, mhasibu kwa shemeji, basi.

Ukilazimika iwe public weka # mbele ya mstari wa Alias wa phpmyadmin kwenye hiyohiyo httpd-xampp.conf ili usisomwe, uwashe Apache upya, na kwenye zrok ongeza `--basic-auth bosi:pasiwedi_ndefu`. Root naye apewe pasiwedi, ila uliza dogo kwanza, pengine mfumo wenyewe unaingia kama root, ukibadilisha kienyeji unazima kaunta saa nne asubuhi duka limejaa.

kodi_na_chai:
Hapo kwenye Require local umenipiga bao, nakubali. Basi `zrok share private`, hiyo haina linki ya wazi, inatoa tokeni na mwenye tokeni anaandika `zrok access private` na hiyo tokeni, mfumo unamfungukia kwenye 127.0.0.1:9191 ya kwake.

zamu_ya_usiku:
Ndiyo, ila nayo inataka zrok iwepo upande wa pili, mhasibu mwenye laptopu sawa, bosi ana simu tu. Kwa huyu mimi ningeweka Tailscale, inaunganisha vifaa vyenu tu kwenye mtandao wenu binafsi, ina app ya Android na iPhone. Instoli kwenye kompyuta na simu ya bosi kwa akaunti moja, kompyuta itapewa IP ya 100 kitu, bosi anaandika hiyo IP/stoo. Usiichanganye na ile 100.81 ya ruta, zinafanana tu kwa sababu wamechota fungu lilelile. Na hapa Apache inaona IP ya simu ya bosi, sio 127.0.0.1, kwa hiyo phpMyAdmin inaendelea kumpiga 403. Isipofunguka angalia fayawoli ya Windows kama imeruhusu Apache, na zima ile slipu ya kompyuta (isilale yenyewe).

kaunta_kuu:
Wakuu imekubali! Ilikuwa fayawoli kweli. Bosi kaingia, na swali la kwanza ni kwa nini brekishu za aina moja zimeuzwa bei mbili. Sasa kaongeza lingine, anataka na kamera, DVR (mashine inayorekodi kamera) iko 192.168.1.64 na haiwezi kuwekwa Tailscale.

waya_mrefu:
Haihitaji. Kwenye kompyuta ya duka andika `tailscale set --advertise-routes=192.168.1.0/24`, yaani kompyuta iwe njia ya kufikia mtandao mzima wa duka, halafu ingia kwenye akaunti uikubali hiyo njia, bosi atafungua 192.168.1.64 kama yuko dukani. Ila ruta ya nyumbani kwake ikiwa nayo inatumia 192.168.1 zitagongana, simu itaitafuta DVR sebuleni kwake. Bora ubadilishe ya duka iwe 192.168.77 mkiwa mmefunga.