Kozi saba semista moja na nyumbani wananitegemea, nifanyeje?

Habari zenu wakuu, naombeni ushauri wa kweli, msinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Niko mwaka wa pili, semista hii nimesajili kozi saba badala ya tano, hizo mbili nimevuta za mbele ili mwaka wa mwisho nibaki na nafasi ya kufanya risechi vizuri. Sasa nyumbani nina mtoto ndo anaanza kutembea, anashika kila kitu, na mzee wangu anaumwa, kliniki nampeleka mimi, mume kazini anarudi usiku. Muda wa kusoma ni mtoto akishalala, nafungua laptop nasoma paragrafu moja mara tatu haiingii, ikianza kuingia analia. Wiki ya saba nina testi tatu na asainmenti mbili, zote wiki hiyohiyo. Sapu (mtihani wa kurudia ukifeli) sitaki, kuacha kozi pia roho inauma. Mliopitia hii mliwezaje?

hesabu_kwanza: Dada pole sana. Kabla hujaamua chochote kaa na karatasi. Angalia chuo chenu krediti moja, yaani kipimo cha uzito wa kozi, ni saa ngapi, mifumo mingi ni saa 10 ukijumlisha lekcha, kujisomea, asainmenti mpaka mtihani, kule Ulaya wanaotumia ECTS, mfumo wao wa krediti, ni 25 mpaka 30. Tuseme kwenu ni 10 na kila kozi ni krediti 12, kozi saba ni saa 840, semista ya wiki 17 na mitihani humohumo inakuja kama saa 49 kwa wiki. Kozi tano ni 35. Sasa andika saa unazopata kweli, siyo unazotamani, toa na siku za kliniki. Ukikuta una 38 basi hapo tatizo siyo uvivu wala kujipanga, saa hazipo.

msomi_alfajiri: Mimi napingana kidogo, nilibeba mzigo kama huo nikiwa nalea na nikatoka salama. Usisubiri masaa matatu ya utulivu, hayaji. Kila jioni chagua kitu kimoja tu, baada ya lekcha funga daftari ujiulize maswali bila kuchungulia, rudia kesho yake, rudia tena baada ya siku kadhaa. Ebbinghaus, yule mwanasaikolojia Mjerumani, alishaonyesha tangu 1885 kwamba kurudia kwa kuachanisha siku kunashinda kukesha usiku mmoja. Ila usingizi usiuguse, ubongo unapanga ulichosoma ukiwa umelala, hiyo paragrafu kusoma mara tatu ni uchovu mamii, siyo kwamba huna akili.

hesabu_kwanza: Mkuu sawa, ila wewe ulikuwa na mgonjwa? Mtoto analala saa inayojulikana, mgonjwa akizidiwa hakuulizi una testi lini.

dada_mkubwa: Mdogo wangu, mbona hapa sijaona mume amepewa kazi gani? Na ndugu zako kwa mzee wako wapi? Nyumbani wengi wanajua unasoma lakini hawajui wiki ya saba ikoje. Chukua kozi autilaini zote (zile karatasi za mpangilio wa kozi), toa tarehe za testi uziandike kwenye karatasi moja kubwa bandika ukutani, kaa na mume umwambie siku hizi na hizi mtoto ni wako kuanzia ukifika, na kliniki ya wiki hiyo apeleke ndugu mwingine. Usiseme "naombeni mnisaidie", taja siku na saa, ombi lisilo na siku kila mtu anamwachia mwenzake. Halafu nenda kwa walimu mapema na karatasi ya kliniki, ukiomba kusogezewa asainmenti kabla ya dedilaini unasikilizwa tofauti na ukiomba baada.

Mleta uzi: Asanteni jamani, nimesoma zote. Nimepiga hesabu, nimejibana wee imegoma kuvuka saa 43 kwa wiki. Kwahiyo moja naiacha, swali ni ipi? Ngumu kuliko zote ni takwimu.

hesabu_kwanza: Usiangalie ugumu, angalia ipi inafungulia kozi nyingine. Takwimu mara nyingi ndo inadaiwa kabla ya risechi, ukiiacha mwaka wa mwisho unakwama. Acha ile inayofundishwa kila mwaka na haitegemewi na kozi yoyote, na fanya kabla dirisha la kubadili kozi halijafungwa maana likifungwa inaweza kusomeka umefeli. Kama una mkopo au ufadhili uliza kwanza kiwango cha chini cha krediti.

Mleta uzi: Kiwango nimecheki, hata nikibaki na tano niko salama. Fomu inataka saini ya mshauri wangu wa masomo, kesho asubuhi naanzia kwake. Mume nimemwonyesha uzi huu, jumamosi zote kasema mtoto anabaki naye.