Naomba ushauri: gharama za umeme wa nyuklia zihesabiweje?

Ndugu zangu, naandaa hoja za mdahalo kuhusu umeme wa nyuklia na nimekwama kwenye hesabu. Sijui niingizeje gharama ya kubomoa kinu cha nyuklia kilichozeeka, kazi inayoweza kuchukua miongo kadhaa, pamoja na kutunza mabaki yenye plutoniamu-239 (elementi yenye mionzi hatari), ambayo huchukua miaka 24,000 hivi kupungua nusu tu. Ucheleweshaji nao (huu ndio ulionishtua) ni mzigo: kinu cha Flamanville 3 nchini Ufaransa kilianza kujengwa mwaka 2007 kikitarajiwa kukamilika 2012, lakini kikaunganishwa kwenye gridi Desemba 2024. Je, ajali kama za Chernobyl, 1986, na Fukushima, 2011, niziweke kwenye gharama, au nizijadili kama hatari peke yake?