MKS2 au MKP2: ipi iingie kwenye priampu?

WayaMbili: Wakuu, naunda priampu, ile saketi ya kukuza sauti ndogo kabla haijafika kwenye ampu kuu. Nina kapasita nyekundu za kampuni ya WIMA, MKS2 na MKP2, zote 0.1 µF, 63 V, miguu imeachana milimita 5. Tofauti ninayoiona ni kwamba moja imenenepa. Nichanganye tu?

FundiSpika: Soma herufi ya tatu, mkuu. M ni filamu iliyopakwa madini, K ni Kunststoff, yaani plastiki kwa Kijerumani. S ya WIMA ni poliesta. Kampuni nyingine huandika MKT. P ni polipropilini. Hiyo nene ndiyo MKP2, maana polipropilini inahitaji eneo kubwa zaidi kubeba chaji ileile. Na K hiyo usiichanganye na K inayofuata namba, kama 104K. Ile inasema thamani inaweza kupotoka kwa asilimia 10. J ni 5.

DadaLehemu: Kupitisha sauti kutoka hatua moja kwenda nyingine, MKS yatosha kabisa. Mawimbi ya sauti hayaachi volti ya maana juu ya kapasita, sasa ivuruge nini? MKP ziweke kwenye saketi ya besi na trebo, kwa sababu thamani ya poliesta huyumba zaidi joto likibadilika.

MasikioMawili: Mimi nimeweka MKP kila mahali, hadi kwenye umeme wa IC (chipu). Sauti imefunguka!

DadaLehemu: Imefunguka sauti au pochi, kaka?

FundiSpika: 😂 Hapo kwenye IC hata seramiki inafanya kazi.

Mzee_Redio: Vijana, mimi muuzaji mmoja alinipa MKP yenye "275~ X2" (volti 275 za AC) akaapa ni ya sauti. Ni ya kuzuia kelele za umeme wa ukutani. Kwenye priampu itafanya kazi, ila ni bonge la kitu. Hatari iko upande wa pili: MKP ya kawaida ya 400 V DC usithubutu kuifunga kwenye umeme wa 230 V.

WayaMbili: Shikamoo mzee, asante. Nilikuwa na mbili zilizofutika maandishi, nikazipima kwa mita ya LCR (ya kupimia kapasita) kwenye 1 kHz. Moja D yake (kipimo cha nishati inayopotea ndani) ni 0.004, nyingine 0.0003.

FundiSpika: Ya kwanza poliesta, ya pili polipropilini. Hiyo ya pili usiikalie na chuma cha moto, plastiki yake huyeyuka mapema.

WayaMbili: Basi MKP2 nne zinaenda kwenye toni. Tatizo, bodi niliichora kwa unene wa MKS2, sasa zinabanana kama abiria wa daladala. Moja nimeihamishia chini ya bodi.