Tupeane uzoefu: Amanda Coetzer na sisi wafupi tuliocheza tenisi Uganda

Ndugu zangu, hamjambo. Vijana wa tenisi hapa Kampala wanamjua Serena Williams wa Marekani, na Serena anastahili. Lakini wasichana ninaowafundisha wakianza kulalamikia kimo, mimi huwatajia Amanda Coetzer wa Afrika Kusini. Sentimita 158 tu, na Novemba 1997 alikuwa namba 3 duniani, enzi za mabingwa akina Hingis, Graf, Seles na Novotna. Aliyemfuatilia, au aliyecheza kwa mtindo wake bila hata kulijua jina lake, alete kisa chake hapa.

Naanza mimi. Nilikua nikiokota mipira kwenye klabu moja ya mjini. Kiwanja cha udongo, mvua ikinyesha tunasubiri kikauke, halafu tunaburuza gunia kukisawazisha kabla wazee hawajatoka kazini. Habari za Coetzer nilizipata kwenye televisheni ya klabu mwaka ule wa 1997. Januari, kwenye joto kali la Melbourne, alimtoa Mjerumani Steffi Graf raundi ya nne, 6-2, 7-5, na Graf ndiye aliyekuwa namba 1. Mei akamfuata kwao Berlin, akamfunga 6-0, 6-1. Kisha Paris, robo fainali ya French Open, 6-1, 6-4. Wazee wakabishana: Graf ana goti bovu. Ni kweli, goti lilimsumbua mpaka akapasuliwa mwaka huohuo. Lakini mzee mmoja akawakumbusha mashindano ya Canada ya 1995. Graf alifika kule hajafungwa na mtu tangu mwaka ule uanze, na aliyemfunga ni huyuhuyu Coetzer. Ubishi ukaisha.

Sevu yake, yaani mpigo wa kuanzisha pointi, haikuwa ya kutisha. Kilichomlisha ni kurudisha sevu ya mwenzake. Sisi wafupi tukisimama nyuma kungojea, mpira ukidunda unatufika sikioni, na hapo huna nguvu ya kuupiga. Yeye aliingia ndani ya mstari wa nyuma wa kiwanja na kuuwahi ungali unapanda, ukiwa usawa wa kiuno. Mpinzani hajamaliza hata kujiweka sawa, mpira umesharudi miguuni pake. Nilianza kuiga hivyo, na watu warefu walioniona mwepesi wakaacha kunichagua kwa mechi za kujipasha moto.

Mama Tororo
Asante mwalimu kwa kumtaja huyu dada. Mimi nilicheza shuleni, nikaacha nilipoolewa, na shangazi zangu walifurahi maana sketi fupi iliwakera sana. Nimerudi kiwanjani watoto wakiwa wakubwa. Kinachonigusa kwa Coetzer ni muda aliodumu. Alianza kulipwa mwaka 1988, akastaafu 2004. Mataji yake ya mchezaji mmoja mmoja ni 9, na la mwisho, Acapulco 2003, alilitwaa akiwa na miaka 31. Nusu fainali za Grand Slam, yale mashindano manne makubwa ya tenisi, alifika tatu: Australia 1996 na 1997, na Paris 1997. Fainali hakuwahi, na bado kila msimu alirudi na miguu ileile inayokimbia. Watu wakiniuliza mama mzima anatafuta nini kwenye tenisi, namfikiria yeye, nafunga kamba za viatu naingia.

Kijana wa Bombo
Mimi ni mwanamume, na ni mfupi vilevile. Baba alikuwa askari, alitufundisha kwa raketi moja ya kupokezana ndugu wote. Alimpenda Coetzer kwa sababu ya Hopman Cup ya 2000, mashindano ya timu za nchi za mwanamume na mwanamke, aliyoichukua pamoja na Wayne Ferreira kwa ajili ya Afrika Kusini. Baba alikuwa akisema Waafrika tunapaswa kuwajua watu wetu.

Mwalimu wa Arua
Hili limenikuta nikiwa na uchungu. Binti yangu ana miaka kumi na minne. Tulisafiri usiku kucha kwa basi kwenda kwenye mchujo, akashinda mechi zake, na jina lake halikusomwa. Mteuzi mmoja aliniambia mbele yake: "Anacheza vizuri, mzee, lakini huyu hatarefuka tena." Mtoto hakusema neno njia nzima ya kurudi. Kesho yake nilimtafutia kwenye simu mechi ya Berlin. Aliitazama yote, akairudia, halafu akaniuliza, "Baba, kwani hao hawakumwambia yeye ni mfupi?" Nikamjibu walimwambia sana. Mwalimu uliyeanzisha mada, tafadhali, hilo la kuingia ndani ya mstari analifanyiaje mazoezi? Huku sina kocha, niko mimi tu wa kumpigia mipira.

Mwanzisha mada
Mzee wangu, pole sana, na mpe binti salamu zangu. Mtoto wa miaka kumi na minne aliyeshinda mechi zake alipaswa kusomwa jina, basi. Mazoezi ni haya. Chora mstari wa chokaa hatua moja mbele ya mstari wa nyuma. Wewe piga sevu ya pili, ile ya polepole, yeye aanzie nyuma ya chokaa. Mkono wako ukipanda kupiga, naye anaanza kutembea, na mpira ukidunda mguu wake wa mbele uwe umeshavuka. Raketi asiivute nyuma sana, hana muda huo. Ageuze bega tu na kuusukuma mpira mbele ya mwili. Wiki za kwanza mingi itaishia kwenye wavu, mwache aendelee. Ila usitumie mipira iliyokwisha manyoya kwa zoezi hili, maana inateleza na kumdanganya. Tenga michache iliyo mizima kwa kazi hiyo peke yake. Likizo ya Desemba nakuja huko kwa ndugu zangu, nitabeba raketi na nitamwona.

Wa Mbale na Gulu, bado hatujawasikia. Leteni vyenu.