Andiko la kuomba fedha za hisani: dozi za dawa zinazorukwa wodini

mfamasia_wa_zamu
Wakuu, tunaandaa andiko la kuomba fedha kwenye mfuko wa hisani unaofadhili utafiti wa hospitali na usalama wa wagonjwa. Lengo ni kupunguza dozi za antibiotiki zinazorukwa katika wodi mbili, kwa miezi 12. Kwenye kipimo kikuu cha mafanikio tumeandika kwamba ripoti za matukio zitapungua kwa nusu. Fomu inataka pia kibali cha maadili na mchanganuo wa bajeti. Turekebishe nini kabla ya kutuma?

chati_ya_mwenendo
Kipimo hicho kifuteni. Idadi ya ripoti haipimi makosa, inapima utayari wa watu kuripoti. Mradi ukienda vizuri wauguzi wanaacha kuogopa lawama, ripoti zinaongezeka, na mfadhili ataona mmeshindwa kwa kipimo chenu wenyewe. Kibaya zaidi, wodi ikijua inahukumiwa kwa wingi wa ripoti itanyamaza, na anayeumia ni mgonjwa.

Hesabuni dozi zenyewe. Kila wiki, siku isiyotabirika, chukueni chati 20 kwa bahati nasibu, 10 kila wodi. Asili ya sehemu yenu (namba ya chini) ni dozi zote za antibiotiki zilizopaswa kutolewa ndani ya saa 24 zilizopita. Kiasi (namba ya juu) ni zile zisizo na saini wala sababu. Zenye sababu ya "dawa haipo" zitengeni, maana hilo ni tatizo la stoo na mafunzo ya wauguzi hayataligusa. Dozi ya kwanza nayo ihesabiwe peke yake. Mgonjwa mwenye sepsisi (mwili umezidiwa na maambukizi) hana muda wa kuisubiri.

Kusanyeni wiki 10 hadi 12 kabla ya kubadilisha chochote, kisha wekeni asilimia ya kila wiki kama nukta kwenye chati na mchore mstari wa namba ya katikati. Baadaye nukta 6 mfululizo zikikaa upande mmoja wa mstari, kuna kilichobadilika kweli (nukta inayoangukia kwenye mstari wenyewe haikatishi mfululizo wala haihesabiwi). Kulinganisha mwezi mmoja kabla na mmoja baada hakuthibitishi kitu.

kibali_kwanza
Kuhusu maadili, msijiamulie wenyewe kwamba huu ni "uboreshaji tu". Pelekeni kurasa mbili kwa kamati, muombe jibu la maandishi, hata kama jibu ni kwamba kibali hakihitajiki. Mradi wa Michigan uliopunguza maambukizi ya damu yatokanayo na katheta (mrija unaoingizwa kwenye mshipa) kwenye wodi za wagonjwa mahututi ulisimamishwa kukusanya takwimu mwishoni mwa 2007 kwa sababu ya swali hilihili, kama ni uboreshaji au utafiti, ukaruhusiwa tena mwanzoni mwa 2008. Na matokeo yake yalikuwa mazuri sana! Mkigawa wagonjwa kwa kura, au majina yao yakitoka nje ya timu inayowatibu, hesabuni kuwa ni utafiti.

mhasibu_wa_miradi
Kwenye bajeti, kosa kubwa ni kudhani muda wa muuguzi ni bure. Siku moja kwa wiki ya kukagua chati ni sehemu ya tano ya mshahara, pamoja na michango ya mwajiri, na lazima kuwe na mtu wa kushika zamu yake. Bila hiyo, ukaguzi unakufa wiki ya kwanza wodi ikizidiwa. Mkinunua vifaa, wekeni matengenezo na vitu vya kutumika navyo; pampu ya dawa isiyo na mipira yake huishia stoo. Msilipe chochote kabla ya tarehe ya kuanza iliyo kwenye mkataba, kwa kawaida hakirudishwi.

mfamasia_wa_zamu
Asanteni sana. Fedha zikibaki mwishoni?

mhasibu_wa_miradi
Hizo ni fedha za masharti, haziwezi kuhamia matumizi mengine ya wodi. Fungueni namba yake ya hesabu tangu siku ya kwanza, na mkiona mnachelewa, ombeni nyongeza ya muda kwa barua kabla mkataba haujaisha. Ukishaisha, salio linarudi kwa mfadhili.